Ngoma Juu ya Ngoma: Jinsi Sauti Nyingi Zinavyoungana Kuwa Pigo Moja

Katika muziki unaotengenezwa studioni siku hizi, pigo moja la ngoma mara nyingi si pigo la ngoma moja. Ni sauti mbili, tatu, hata tano, zilizonaswa mahali tofauti na pengine miaka tofauti, zikapandanishwa ndani ya kompyuta hata sikio likazipokea kama kitu kimoja. Sauti moja huleta uzito, nyingine huleta mlio mkali wa ufito ugusapo ngozi, nyingine huleta mwangwi wa chumba. Sauti fupi iliyonaswa kwa ajili ya kazi hiyo huitwa sampuli, na kila moja katika rundo huitwa tabaka.

Kwa mtazamo wa haraka kazi hii ni nyepesi kama kuongeza maji mtungini. Lakini wanaojifunza hukutana mapema na jambo la kutatanisha. Fundi mitambo huchukua sampuli nzito ya ngoma ya mguu, yaani ile ngoma kubwa ya bendi ipigwayo kwa kukanyaga. Huchukua ya pili, nzito vilevile. Kisha huzipiga pamoja akitazamia ngurumo. Spika hutoa sauti iliyokonda, dhaifu kuliko kila sampuli ilivyokuwa peke yake. Akiongeza sauti, kinachoongezeka ni ukali tu, uzito haurudi. Mtambo haukuharibika. Kilichotokea ni kule kuingiliana kwa mawimbi ambako mwanafunzi wa sekondari hukuona katika beseni la maji la maabara, ila safari hii kumetokea ndani ya hesabu ya kujumlisha.

Sauti iliyogeuzwa kuwa namba

Ngoma ipigwapo, ngozi yake huisukuma hewa na kuivuta, na kanieneo la hewa hupanda na kushuka kidogo juu na chini ya kiwango chake cha kawaida. Maikrofoni hugeuza kupanda na kushuka huko kuwa umeme. Kompyuta huupima umeme huo mara nyingi sana katika sekunde moja na kukiandika kila kipimo kama namba. Diski za CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, hubeba vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo ni namba kamili iliyo kati ya −32,768 na 32,767. Namba chanya maana yake kanieneo lilikuwa juu ya kawaida. Namba hasi maana yake lilikuwa chini. Mfululizo wa sifuri ni kimya.

Idadi hiyo ya vipimo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo inayofikia karibu 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20,000. Kanuni ambayo misingi yake iliwekwa na Harry Nyquist mwaka 1928, na ambayo Claude Shannon aliieleza kwa ukamilifu mwaka 1949, yasema kwamba ili mtetemo uweze kurudishwa kama ulivyokuwa, hapana budi upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000, na kilichozidi hapo ni nafasi iliyoachiwa machujio yafanye kazi yake.

Mashine ya kwanza ya ngoma iliyotumia sampuli za ngoma halisi zilizohifadhiwa kwa namba, na ambayo mtumiaji aliweza kuipangia mapigo yake mwenyewe, ilikuwa LM-1 ya Mmarekani Roger Linn, iliyotoka mwaka 1980. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na kumbukumbu za kielektroniki zilikuwa ghali kiasi kwamba matoazi makubwa hayakutiwa humo, kwa kuwa mlio wake mrefu ungekula nafasi nyingi. Mashine ya SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyotoka mwaka 1987, iliweza kubeba takriban sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Vijana wa New York walioitumia walibuni hila: santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika waliichezesha kwa kasi ya 45, wakainasa sauti hiyo iliyofupishwa, kisha wakairudisha chini ndani ya mashine. Kwa njia hiyo sekunde moja ya kumbukumbu ilibeba sekunde 1.35 za muziki. Siku hizi simu ya kawaida ya mkononi hubeba maelfu ya sampuli, na kwa sababu hiyo kikwazo cha nafasi kimekwisha. Kikwazo cha fizikia kipo palepale.

Kujumlisha si kuongeza

Kompyuta ipandanishapo sampuli mbili haifanyi zaidi ya kujumlisha. Huchukua kipimo cha kwanza cha tabaka la kwanza na kipimo cha kwanza cha tabaka la pili, huvijumlisha, huandika jibu, kisha huendelea na vipimo vya pili, vya tatu, mpaka mwisho. Ikiwa tabaka moja lina 8,000 na jingine lina 6,000, jibu ni 14,000. Lakini ikiwa wakati uleule tabaka la pili lina −6,000, jibu ni 2,000 tu. Moja linasukuma hewa huku jingine linaivuta. Hapa ndipo penye siri yote ya sauti iliyokonda.

Tuchukue mfano wa ngoma ya mguu yenye mtetemo mkuu wa hezi 50. Mtetemo mmoja huchukua milisekunde 20: milisekunde 10 za kusukuma na milisekunde 10 za kuvuta. Sasa iwepo tabaka la pili lenye mtetemo huohuo na kimo kilekile cha 10,000. Yakianza pamoja kabisa, kimo cha jumla kitakuwa 20,000. Tabaka la pili likichelewa milisekunde 2, jumla itakuwa karibu 19,000, hasara isiyosikika. Likichelewa milisekunde 5, itakuwa 14,100. Likichelewa milisekunde 8, itakuwa 6,200, pungufu ya tabaka moja likiwa peke yake. Na likichelewa milisekunde 10, baada ya nusu mtetemo wa mwanzo mawimbi hayo mawili yatafutana, na jumla itakuwa sifuri. Mwalimu wa hisabati atatambua kwamba namba hizi hutokana na kosaini: kimo cha jumla ni mara mbili ya kimo cha kwanza, kikizidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe ambayo wimbi moja limebaki nyuma ya jingine. Milisekunde 5 ni robo ya mzunguko, yaani digrii 90. Nusu yake ni 45, na kosaini yake ni 0.707. Wanafizikia huiita pembe hiyo fazi.

Milisekunde 10 ni muda gani? Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo katika milisekunde 10 huenda kiasi cha mita tatu na nusu, sawa na mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba. Mwaka 1959 mtafiti Ira Hirsh alionyesha kwamba sikio la binadamu huhitaji takriban milisekunde 20 kati ya sauti mbili fupi ili liweze kusema ipi ilitangulia. Hapo pana mtego wenyewe. Kosa la milisekunde 10 ni dogo mno kwa sikio kulitambua kama kuchelewa. Fundi hasikii ngoma mbili zinazofuatana, husikia pigo moja. Hata hivyo kosa hilohilo latosha kuimeza sauti nzito ya ngoma yote.

Sauti za juu nazo haziathiriki kwa namna hiyo. Wimbi la hezi 2,000 hukamilisha mizunguko 20 katika milisekunde 10, kwa hiyo linapochelewa kiasi hicho hukuta mwenzake akiwa katika hatua ileile, nayo hujumlishana vizuri. Kwa mfano huohuo, zinazofutwa ni hezi 50, 150, 250 na kuendelea. Zinazoimarishwa ni hezi 100, 200, 300 na kuendelea. Mtu akichora mchoro wa matokeo hayo atapata umbo la kitana chenye meno mengi, na mafundi huliita jambo hilo kwa jina hilo. Ndiyo sababu kuongeza sauti hakusaidii. Kinachoongezwa ni meno yaliyobaki, wala si pengo.

Jaribio la darasani

Jambo hili laweza kuonyeshwa bila studio. Zinahitajika spika mbili zinazofanana, kikuza sauti chenye nyaya za spika zinazofunguliwa kwa mkono, na wimbo wowote wenye ngoma nzito, uchezwe kwa namna ambayo spika zote mbili zinapata sauti ileile. Spika zisimamishwe pamoja, zikitazama upande mmoja, na wanafunzi wasikilize. Kisha kikuza sauti kizimwe, nyaya mbili za spika moja tu zibadilishane nafasi, na mtambo uwashwe tena. (Kuzima ni lazima: nyaya zikigusana mtambo ukiwa unafanya kazi, zaweza kuuunguza.) Sauti nzito za ngoma zitapungua sana, ilhali sauti ya mwimbaji itaendelea kusikika. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo spika zilizo karibukaribu ni kama mahali pamoja kwake, na kusukuma kwa moja hulipwa na kuvuta kwa nyingine. Wimbi la hezi 3,430 lina urefu wa sentimita 10 tu. Hilo hufutika katika nukta fulani za chumba na kuimarika katika nyingine, na msikilizaji akitikisa kichwa ataona tofauti.

Kubadilisha nyaya ni sawa na kuzidisha kila kipimo kwa −1. Programu zote za studio zina kitufe cha kazi hiyo. Yafaa kisichanganywe na kuchelewesha: kugeuza alama hufuta mawimbi ya marudio yote kwa pamoja, bali kuchelewesha hufuta baadhi tu.

Mahali ambapo makosa huingia

Chanzo cha kwanza ni maikrofoni. Ngoma ndogo ya bendi yenye nyaya zilizotandazwa chini yake hunaswa mara nyingi kwa maikrofoni mbili, moja juu na moja chini. Ufito upigapo, ngozi hushuka: huikimbia maikrofoni ya juu na kuisogelea ya chini. Ya juu huandika namba hasi wakati ya chini inaandika chanya. Tabaka hizo mbili zikijumlishwa bila moja kugeuzwa alama, ngoma hupoteza kiwiliwili chake. Umbali nao una hesabu yake, kwani kila sentimita 34 za ziada huleta ucheleweshaji wa milisekunde moja.

Chanzo cha pili kiliwasumbua sana mafundi wa miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1983 mashine za muziki za kampuni mbalimbali ziliweza kuunganishwa kwa utaratibu uitwao MIDI, ambao hupeleka amri moja baada ya nyingine katika waya mmoja kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Amri kamili ya kupiga noti moja ina biti 30, nayo huchukua milisekunde 0.96. Kwa hiyo amri mbili za “piga” zilizokusudiwa kufika kwa wakati mmoja hazikuweza kufika kwa wakati mmoja. Ya pili ilisubiri ya kwanza imalizike. Ucheleweshaji wa milisekunde 0.96 huufuta mtetemo wa karibu hezi 520. Na kwa kuwa waya huo ulibeba amri za ala nyingine pia, ucheleweshaji ulibadilika kutoka pigo hadi pigo, na rangi ya ngoma ikabadilika nao. Wengine walidhani mashine zao zilikuwa mbovu.

Siku hizi, tabaka zikiwa zote ndani ya kompyuta moja, hitilafu ya namna hiyo ni nadra. Iliyobaki ni ya kawaida zaidi na hufanywa kila siku: sampuli nyingi huanza na kimya kifupi ambacho hakionekani mpaka picha ya wimbi ikuzwe. Vipimo 441 vya sifuri mwanzoni mwa sampuli ni milisekunde 10 kamili.

Ngoma mbili zisizolingana sauti

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba tabaka zote mbili zina mtetemo mmoja. Mara nyingi sivyo. Tuseme moja ni ya hezi 50 na nyingine ya hezi 55, na zimeanza pamoja kabisa. Baada ya milisekunde 100 ya kwanza itakuwa imekamilisha mizunguko 5, na ya pili mizunguko 5 na nusu. Zimekwisha kuwa kinyume. Baada ya milisekunde 200 zitakuwa pamoja tena. Ngoma hiyo itavuma, itanywea, itavuma tena kabla ya kufa. Katika pigo moja huenda jambo hilo likapendeza. Katika wimbo mzima huchosha, na hakuna kusogeza huku na huku kutakakoliondoa, kwa sababu kosa si la wakati bali la marudio.

Dawa yake ni ile ya mpiga ngoma wa jadi: kuwamba upya. Mpiga ngoma huisogeza ngoma motoni ili ngozi ikaze, na mtetemo hupanda kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha mkazo. Ili sauti ipande maradufu, mkazo hauna budi kuwa mara nne. Fundi wa studio hubadilisha kasi ya kucheza sampuli. Ya hezi 55 ikichezwa kwa kasi ya 0.91, hushuka hadi 50, na urefu wake huongezeka kwa asilimia 10. Hata hivyo asitazamie kwamba mitetemo yote italingana. Lord Rayleigh alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1877 kwamba ngozi ya duara haitetemi kama uzi wa gita, ambao mitetemo yake ya ziada ni mara 2, mara 3 na mara 4 ya mtetemo mkuu. Mitetemo ya ngozi ni mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30 na kuendelea, na katika ngoma halisi uwiano huo hubadilishwa na hewa iliyomo ndani na umbo la mzinga. Fundi hulinganisha mtetemo mkuu, na mengine huyaacha yawe sura ya ngoma yenyewe.

Kugawa kazi

Kupandanisha sauti za ngoma hakukuanza na kompyuta. Katika ngoma za pwani ya Afrika Mashariki vumi hubeba sauti nzito, na chapuo hujibu kwa sauti ya juu. Katika ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, ngoma ya katikati iitwayo inkiranya huongoza, amashako hushikilia pigo lisilokatika, na ibishikizo hufuata mwendo wa inkiranya. Wapigaji hao hawapatani kwa milisekunde moja, wala hawana haja. Kila pigo la mkono hutofautiana kidogo na lililotangulia, kwa hiyo kufutana kukitokea katika pigo moja hakutokei katika lifuatalo, na sikio hupokea wastani wa yote. Sampuli haina huruma hiyo. Ni namba zilezile kila mara, na kosa lililomo katika pigo la kwanza limo katika mapigo yote elfu mbili ya wimbo.

Ndiyo maana mafundi wazuri hawapandanishi sauti zinazofanana. Humpa kila mmoja kazi yake. Kwa ngoma ya mguu, tabaka moja hupewa sauti nzito, tuseme kati ya hezi 40 na 100. La pili hupewa mlio wa mwanzo, ule unaodumu milisekunde chache tu na wenye nguvu kati ya hezi 2,000 na 5,000, ambako sikio la binadamu lina makali zaidi. La tatu, likihitajika, hupewa mwangwi. Tabaka la pili hupitishwa katika chujio linalozuia sauti zote zilizo chini ya, kwa mfano, hezi 150, hata kama sauti hizo ni nzuri. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi la sauti nzito ni dogo kuliko yote.

Ipo hadhari moja ambayo wengi huisahau. Machujio ya kawaida hayakati tu. Huyachelewesha pia baadhi ya mawimbi kuliko mengine, hasa yaliyo karibu na mpaka wa kukatia. Tabaka lililokuwa limepangwa vizuri kabla ya kuchujwa laweza kuwa limepotoka baada ya kuchujwa. Kwa hiyo mpangilio wa wakati hufanywa mwisho, machujio yakiwa yamekwisha kuwekwa. Shauri linalotolewa mara kwa mara, kwamba sauti ikikosa uzito iongezwe tabaka jingine, ni baya. Mara nyingi dawa ni kuondoa moja.

Sauti za mchakacho, kama zile za nyaya za ngoma ndogo au za makofi, zina tabia tofauti na ya kufurahisha. Mchakacho hauna mpangilio, kwa hiyo vipimo vya tabaka mbili hukubaliana mara nyingine na kupingana mara nyingine, na kwa wastani nishati zake hujumlishwa. Mawimbi mawili yaliyo sawa kabisa hupandisha sauti kwa desibeli 6; michakacho miwili isiyohusiana huipandisha kwa desibeli 3, wala haiwezi kufutana. Ndiyo sababu makofi yanaweza kupandanishwa juu ya ngoma ndogo bila hofu kubwa. Mashine ya TR-808 ya kampuni ya Kijapani Roland, ya mwaka 1980, haikutumia sampuli hata moja, bali saketi za umeme. Makofi yake ni mipasuko kadhaa ya mchakacho inayofuatana kwa takriban milisekunde 10, kisha mkia unaoiga mwangwi. Sikio huisikia kama kundi la watu wasiopiga makofi kwa pamoja sawasawa.

Urefu wa mkia nao ni sehemu ya kugawa kazi, na mwendo wa wimbo ndio uamuao. Singeli ya Dar es Salaam mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Katika wimbo wa mapigo 240, pigo moja huchukua milisekunde 250, na robo yake milisekunde 62 na nusu. Katika nafasi hiyo wimbi la hezi 50 hukamilisha mizunguko mitatu tu. Ngoma ya mguu yenye mkia wa milisekunde 300, ambayo ingefaa katika wimbo wa polepole, hapa itakuwa bado inavuma wakati ya pili na ya tatu zimekwisha kupigwa, na kila pigo jipya litakuta wimbi la zamani likiwa katika hatua isiyojulikana. Mtayarishaji hana budi kuukata mkia au kupandisha mtetemo mkuu. Yule ambaye hajui ni kwa nini hufanya hivyo kwa kusikiliza, naye hufika palepale, ila kwa saa nyingi zaidi.

Nafasi ya namba na spika ya msikilizaji

Yamebaki mambo mawili ya kuangaliwa kabla ya wimbo kutoka studioni. La kwanza ni kimo. Tabaka mbili zenye vilele vya 24,000 zikikutana sawasawa zitahitaji 48,000, na namba ya CD haivuki 32,767. Kilichozidi hukatwa, kilele cha wimbi huwa bapa, na ubapa huo huzaa mitetemo mipya isiyokuwamo katika ngoma, inayosikika kama mkwaruzo. Programu za siku hizi huhifadhi namba kubwa zaidi wakati wa kazi, kwa hiyo kosa hurekebishika. Lakini wimbo utokapo kwenda kwa msikilizaji lazima uenee katika kipimo kilichowekwa. Fundi huanza kwa kupunguza kila tabaka, si kwa kuongeza.

La pili ni spika. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio huhitaji kanieneo kubwa zaidi ili lisikie sauti nzito kwa ukubwa sawa na sauti za kati, na pengo hilo hupanuka sauti inapokuwa ya chini. Ngoma iliyosawazishwa studioni kwa sauti kubwa hupoteza uzito inapochezwa polepole nyumbani. Spika ya simu, yenye kipenyo cha sentimita moja hivi, haiwezi kabisa kutoa hezi 50. Wasikilizaji wengi wa leo hawana nyingine. Hata hivyo ubongo una uwezo wa kulijaza pengo: ukipewa hezi 100, 150, 200 na 250 kwa pamoja, husikia noti ya hezi 50 ambayo haimo hewani. Kwa hiyo tabaka zito huongezwa makusudi mitetemo ya ziada iliyo mara 2, mara 3 na mara 4 ya mtetemo mkuu, ili hata simu iweze kulidokeza.

Upimaji wa mwisho hufanywa kwa kitufe kilekile cha kugeuza alama. Fundi huligeuza tabaka moja, kisha hulisogeza kipimo kimoja kimoja, yaani milisekunde 0.023 kila mara, mpaka sauti nzito iwe nyembamba kupita kiasi. Hapo tabaka mbili zinafutana vizuri kuliko popote. Akiirudisha alama kama ilivyokuwa, zitajumlishana vizuri kuliko popote. Ni rahisi zaidi kwa sikio kutambua mahali ambapo sauti imetoweka kuliko mahali ambapo imefikia kilele. Baada ya hapo husikiliza wimbo wote kwa spika moja tu, upande wa kushoto na wa kulia ukiwa umejumlishwa, kwa maana tabaka lililoonekana pana na lenye fahari katika spika mbili, iwapo pande zake zimepingana, litatoweka lote katika redio ndogo ya jikoni.